Pumzi ya Mtu wa Nne

Nyumbani walimwita Kunguru. Jina alipewa na dada yake tangu wakiwa wadogo, kwa sababu aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa maji yanayochemka na mwalimu wa hesabu. Halikuwa la kebehi. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, wahenga walishasema, na dada mtu aliona heri mdogo mwoga aliye mzima kuliko shujaa aliyevunjika mguu. Miaka ikaenda. Akafika thelathini na minne, mwanamke mzima, mbwa hawamtishi tena, radi anaistahimili, lakini watu, jamani, watu walimshinda.

Na usiseme ni haya tu, utamkosea. Alikuwa karani wa kupokea vifurushi katika ofisi ya usafirishaji, na kwa kuchapa hakuwa na mpinzani. Vidole vyake juu ya kibodi hukuviona, ulisikia tu mvua. Siku moja foleni ilifika hadi barazani, mteja mmoja anagongagonga dirisha kwa funguo, na Kunguru akahisi kifua kimebanwa, vidole vimekufa ganzi, moyo unataka kutokea mdomoni. Akajua anakufa. Hakufa. Aliteleza chini ya kaunta, akajikunja katikati ya maboksi, akakaa huko mpaka ofisi ikafungwa, huku wateja wakifoka kwamba dirisha namba tatu halina mtu. Kesho yake hakurudi, wala kesho kutwa.

Daktari alimwambia una ugonjwa wa wasiwasi, si kichaa wala si kurogwa. Akampa vidonge, akamfundisha kuhesabu pumzi: vuta kwa nne, shikilia kwa nne, toa kwa sita. Vidonge vilisaidia kiasi chake na hesabu ikasaidia zaidi. Mlango wa mbele ndio uliobaki mgumu.

Basi akahamia kwa dada. Alipewa chumba kinachopakana na sebule, chumba kizuri, ila mlango wake ulipelekwa kwa seremala kurekebishwa ukaota mizizi huko huko. Pakatundikwa pazia zito la kahawia. Wageni wa kwanza walipokuja, Kunguru alimshika dada mkono, akamwambia, "Dada, nakuomba, sema sipo." Dada akaenda sebuleni akasema, "Mdogo wangu? Amesafiri."

Uongo nao una njaa, ukishauzaa lazima uulishe. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja asiyejua kuaga, alikuja kila siku mbili kuuliza habari za msafiri, na dada akawa hana budi kumtungia. Msafiri kapata kazi. Msafiri kanenepa. Msafiri anasalimia sana. Kunguru akiwa hatua nne kutoka hapo, mgongo ukutani, mdomo wazi ili hewa ipite bila sauti, anasikiliza jinsi anavyoendelea vizuri huko aliko. Mwanzoni walicheka pamoja, jirani akishaondoka. Ukaisha mwaka, ukaisha wa pili, kicheko kikapungua.

Kisha ikaja jioni ya shemeji. Shemeji hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa mtu aliyechoka. Walikuwa wanakula, yeye na mkewe, na pazia, kama ujuavyo, si ukuta. Alisema, "Mwisho wa mwezi tumpeleke kwa shangazi yenu." Kwa shangazi kulikuwa na watu kumi na mmoja na duka mbele. Dada akasema watu watatuonaje. Shemeji akajibu, tena kwa upole kabisa, "Nani atauliza? Watu wote wanajua alishaondoka."

Kunguru alilisikia neno hilo likamkaa mwilini kama maji baridi. Alijitazama mikono. Ilikuwa kweli. Angeweza kutolewa humo ndani asubuhi moja, na hata kuku wa jirani asigeuze shingo.

Ndipo akaanza kutafuta kazi kama mwenye kutafuta hewa. Kazi ya kufanyia nyumbani, lakini ya halali, yenye jina lake juu ya karatasi, ili pawepo angalau mahali pamoja duniani palipoandikwa kwamba huyu mtu yupo. Na huko nako, loo! Alikutana na mmoja aliyetaka ada ya usajili kwanza. Mwingine alitaka picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, na namba ya siri ya simu "kwa usalama wako mwenyewe." Mwingine alimwita mpenzi katika ujumbe wa pili. Kunguru mwoga, lakini mjinga hakuwa. Woga humfundisha mtu kusoma kila kitu mara tatu. Alijitungia kanuni: anayekudai kabla hujafanya kazi hakuajiri, anakuuzia.

Kampuni aliyoipata haikumdai kitu. Ilikuwa inafanya utafiti wa kaya. Makarani wake walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali, kishikwambi kikiwa mezani kinarekodi, na rekodi hizo zilihitaji mtu wa kuzisikiliza na kuzichapa neno kwa neno. Dada alikwenda mwenyewe kuikagua ofisi yao. Alirudi amefurahi. "Wapo kweli," alisema. "Wana kibao, wana risiti, wana mlinzi anayepiga miayo. Matapeli hawaajiri mlinzi wa kupiga miayo."

Masharti yalikuwa machache na makali. Chapa kila unachosikia: kikohozi, kicheko, sufuria kuanguka, vyote kwenye mabano. Usiongeze ambacho hakimo. Rekodi kumi za majaribio. Ukifanya makosa makubwa mawili, kwaheri ya kuonana.

Sita za kwanza zilikwenda kama maji. Kunguru alikaa na visikilizi masikioni, akaingia katika nyumba za watu bila kupiga hodi wala kutazamwa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akajisikia mtu. Hakuna aliyemwona, naye aliwasikia wote.

Ya saba aliifungua saa sita mchana. Watoto wa dada walikuwa shule, wakubwa kazini, jua limesimama juu ya paa na mtaa mzima umenyamaza. Katika rekodi, karani wa kiume anapiga hodi, anakaribishwa, kiti kinavutwa. Mwenye nyumba ana sauti nene na ya adabu. Mkewe anapita na vyombo. Karani akauliza swali linaloanza kila hojaji, "Usiku wa kuamkia leo, walilala watu wangapi katika nyumba hii?"

"Watatu," mwanamume akajibu. "Mimi, mama watoto, na mtoto wetu."

Kunguru alichapa. Kisha akasimamisha, akarudisha nyuma, akaongeza sauti. Chini ya maneno ya yule mwanamume, chini ya vyombo, palikuwa na mtu anapumua.

Wazo la kwanza ni kwamba ni yeye mwenyewe, na nani angemlaumu? Akabana pua, akafumba mdomo. Pumzi ikaendelea bila yeye. Akavua visikilizi, chumba kimya, pazia limetulia. Akavivaa; ipo. Labda mashine ni mbovu? Akafungua rekodi ya sita, akafungua ya tano: hakuna kitu. Akarudi kwenye ya saba. Ilikuwa karibu sana na kinasa sauti, karibu kuliko mwenye nyumba, kama mtu aliyeegemeza uso nyuma ya kitambaa na upande wa pili wa kitambaa pana meza. Vuta. Shikilia. Toa. Akajikuta anahesabu kwa vidole juu ya goti. Nne. Nne. Sita.

Nywele zilimsimama. Na hapo alikuwa bado hajafika penyewe. Alipoisikiliza mara ya tano ndipo alipogundua kwamba karani akiuliza watu wangapi, pumzi inakatika. Haipungui, inakatika. Inabaki hivyo mpaka mwanamume aseme watatu, mpaka karani apite kwenye swali la maji na swali la choo, na hapo ndipo inapotoka, ndefu, polepole, kwa kuibia. Kunguru alikuwa anaijua pumzi ile kuliko anavyoijua sauti ya mama yake. Ni ya mtu aliyeambiwa anyamaze kwa kuwa sebuleni kuna wageni. Jana yake tu aliitoa yeye, jirani alipoondoka.

Jioni alimsikilizisha dada. Dada alibandika visikilizi juu ya kilemba, akakunja uso, akasikiliza dakika nzima.

"Hiyo feni," alisema.

"Feni haihesabu, dada."

"Basi ni wewe." Akavivua visikilizi kwa upole, akamshika shavu. "Kunguru wangu, si unajijua?"

Hilo lilimuuma kuliko tusi. Akachukua kibodi akaandika kwenye mabano: (mtu wa nne anapumua, anashikilia pumzi swali linapoulizwa). Akatuma. Asubuhi andiko likarudi na wino mwekundu wa msimamizi: Hayumo. Kosa kubwa la kwanza. Futa, rudisha kabla ya saa kumi.

Siku hiyo aliizunguka meza kama anayemtazama nyoka. Akilibakisha, hilo ni kosa la pili, na kazi imekwenda, na mwisho wa mwezi ni wiki mbili mbele. Akilifuta, amefuta nini? Pumzi tu. Upepo. Pengine ilikuwa feni. Pengine ilikuwa mbwa amelala chini ya meza; mbwa nao wanapumua. Saa kumi kasorobo akaweka kidole kwenye kitufe. Maneno yakaliwa kutoka nyuma, moja baada ya jingine, mpaka likabaki "mtu," kisha herufi mbili, kisha moja, kisha pakawa peupe. Akatuma. Alijiambia amefanya busara, na akaigeuza kompyuta ielekee ukutani.

Rekodi tatu zilizobaki zilipita bila kosa, na mkataba ukaja kabla ya wiki kuisha, kurasa nne, jina lake kamili juu. Dada alipiga kigelegele, akakibana katikati ili jirani asisikie. Shemeji naye alifurahi, hakujifanya. Alisoma kurasa zote nne, akasema, "Hongera, shemeji. Na uzuri wa kazi ya kompyuta, unaweza kuifanya popote. Hata kwa shangazi." Kunguru alitazama karatasi mkononi mwake. Jina lilikuwepo, na halikumsaidia kitu.

Tangu siku hiyo pumzi ile ikahama. Aliyoifuta kwenye maandishi ilimfuata bafuni, ikamfuata jikoni saa za mchana nyumba ikiwa tupu. Alikuwa anakata kitunguu, kimya, na nyuma ya bega lake la kushoto mtu anavuta kwa nne. Aligeuka, hakuna. Alipokunywa vidonge ilipungua, na hakika alijua ni maradhi yake, hakuwa mtoto. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo maradhi hayalielezi. Alipokuwa akiishikilia yake ili asikilize, ile nyingine nayo ilikuwa inashikilia, kama watu wawili wanaosubiriana.

Siku ya tano akafanya jambo ambalo hajalifanya kwa miaka miwili: akampigia simu mtu asiyemjua. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono umelowa jasho mpaka simu inateleza. Msimamizi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mafua.

"Rekodi ya saba," Kunguru akasema. "Nilifuta. Sikutakiwa kufuta."

"Dada, tulisikiliza. Watu wawili tumesikiliza. Hakuna mtu."

"Yupo. Najua kwa sababu hata mimi ndivyo ninavyopumua." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Wageni wakija mimi nakaa nyuma ya pazia. Watu wanaambiwa nimesafiri. Ndivyo tunavyopumua, mama. Huwezi kuisikia kama hujawahi. Kama ni kunifukuza nifukuze, ila mpeleke mtu kwenye ile nyumba."

Upande wa pili karatasi zilipekuliwa.

"Ile nyumba ilirudiwa juzi," msimamizi alisema hatimaye. "Ni utaratibu tu, katika kila nyumba kumi tunarudia moja. Karani alikuta imefungwa. Wamehama."

"Wamehama wangapi?"

"Majirani wamesema watatu."

"Na wa nne?"

"Dada yangu," msimamizi akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "nani angemuulizia wa nne?"

Hakufukuzwa. Msimamizi aliahidi kuandika barua kwa ustawi wa jamii, na pengine aliiandika. Kunguru hakulala vizuri tena. Kila alipofumba macho aliiona nyumba asiyoijua, vyumba vimefagiliwa, misumari ya pazia bado iko ukutani. Watu watatu wamepakia vyombo na magodoro, wameaga majirani, majirani wamewahesabu mmoja, wawili, watatu, wamewapungia mkono. Alilia kwa hasira, na hasira ilikuwa kitu kigeni kwake. Aliimeza pamoja na chai.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, shemeji akiwa ameshaazima gari kwa ajili ya Jumapili na begi la Kunguru limeshafungwa, hodi ilipigwa. Jirani alikuwa ameshaketi sebuleni tangu asubuhi, anakula karanga za wenyewe. Shemeji akafungua. Ilisikika sauti ya msichana, changamfu, ya mtu aliyetembea sana juani: yeye ni karani wa utafiti wa kaya, hatachukua muda, na kama wenyeji hawajali atarekodi mazungumzo.

"Karibu, mwanangu, kaa," dada alisema. Kiti kilivutwa. Kitu kigumu na chembamba kikawekwa mezani, na meza ile, Kunguru aliijua vizuri, ilikuwa imegusana na pazia.

Akasimama ukutani kama kawaida yake, mdomo wazi. Mwili ulifanya wenyewe, haukuomba ruhusa. Vuta kwa nne. Alisikia karani akigusa kioo, alisikia jirani akitafuna.

"Usiku wa kuamkia leo, walilala watu wangapi katika nyumba hii?"

Pumzi ikakatika.

"Wanne," shemeji akajibu. "Mimi, mke wangu, na watoto wawili."

Na hapo Kunguru akamwona, waziwazi kama ninavyokuona wewe, mtu mmoja mahali fulani, amekaa na visikilizi masikioni, kazi yake haijathibitishwa. Huyo mtu atasimamisha. Atarudisha nyuma. Ataongeza sauti, nywele zitamsimama, ataandika kwenye mabano. Kisha litarudi na wino mwekundu, naye ana watoto wa kulisha au shangazi wa kumkimbia, na saa kumi kasorobo ataweka kidole kwenye kitufe. Atafuta. Kwa nini asifute? Yeye mwenyewe alifuta. Na kesho gari litakuja, na jirani ataendelea kuuliza habari za msafiri mpaka siku atakapochoka kuuliza.

Kumwachia mtu pumzi hakutoshi. Pumzi inafutika.

Kifua kilibana kama siku ile ya maboksi, vidole vikafa ganzi vyote kumi, akajua anakufa, na safari hii akasema liwe liwalo, bora nife nimesema. Akashika pazia asianguke.

"Watano," alisema.

Sauti ilitoka mbovu, imekwaruza, lakini ilitoka. Sebuleni karanga ziliacha kutafunwa. Shemeji alikohoa kikohozi kisicho na kazi.

"Samahani," karani akasema taratibu, "kuna mtu amesema watano. Huyo wa tano ni nani kwa mwenye nyumba?"

Kunguru alisikia kiti cha dada kikisogea, akasikia dada akivuta hewa na kuishikilia, dada ambaye hakuwahi kufundishwa na daktari yeyote.

"Ni mdogo wangu," dada akasema.

"Mdogo wako?" jirani alidakia. "Si alisafiri?"

"Hakusafiri." Dada alikuwa analia, na hakuipunguza sauti hata kidogo. "Andika, mwanangu. Andika watano. Mdogo wangu yupo."